Kipima muda cha akiba kwenye butiloda: tukikosa chanzo cha uhakika, tubuni namba au tusimame?

Mtunza_Mapigo (#1)

Wakuu, salaam. Naomba tulichambue jambo hili kwa utulivu, maana limenichukua siku kadhaa na bado sijaridhika nalo.

Naandika butiloda ndogo ya mashine za x86, yaani ile programu inayoamka kabla ya mfumo endeshi na kuupakia kwenye kumbukumbu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikihesabu wakati kwa TSC, ile kaunta iliyo ndani ya prosesa, na ili kujua TSC inapiga mara ngapi kwa sekunde nilikuwa nailinganisha na kipima muda cha kale cha 8254, ambacho wengi tunakiita PIT, kwa kuwa masafa yake yanajulikana: hezi 1,193,182. Nafungua geti la chaneli ya 2 kupitia poti 0x61, napakia hesabu, kisha nasubiri biti ya 5 ya poti hiyohiyo iinuke. Hivi karibuni niliipeleka programu hiyo kwenye bodi mpya, na skrini ikabaki nyeusi. Baada ya siku mbili za kutafuta niligundua kwamba programu haikuwa imeanguka. Ilikuwa bado inaisubiri biti ya 5, kwa sababu famuwea ya bodi ile, yaani programu iliyochomwa ndani ya bodi yenyewe, ilikuwa imeizima saa inayoiendesha 8254 ili kuokoa umeme, hivyo kaunta ilipokea kila nilichoiandikia lakini haikuhesabu.

Sasa nimeongeza njia za akiba. Nikiikosa PIT nakwenda kwenye kipima muda cha ACPI (kiwango cha usimamizi wa umeme na vifaa), nikikikosa hicho naiomba UEFI, yaani famuwea ya kisasa ya kuwashia mashine, inisubirishe kwa wito wake wa Stall, na nikikosa vyote nachukua namba niliyoiandika mwenyewe ndani ya msimbo. Hapo pa mwisho ndipo panaponinyima usingizi. Je, ni halali butiloda kubuni masafa ya saa na kuendelea kana kwamba inayajua, au ni bora isimame na kutamka wazi kwamba haina saa?

Fundi_Rejista (#2)

Mkuu, umefanya vizuri kuleta hili. Mimi nasema akiba haiozi: weka vyanzo vyote unavyoweza, uvipange kwa usahihi, na cha mwisho kabisa kiwe hiyo namba yako. HPET, kipima muda cha usahihi wa juu, iwe mbele, kwa sababu inajieleza yenyewe. Biti 32 za juu za rejista yake ya uwezo zinataja urefu wa pigo moja kwa femtosekunde, na urefu huo hauruhusiwi kuzidi nanosekunde 100. Kifuate kipima muda cha ACPI chenye hezi 3,579,545, kisha PIT, kisha Stall, halafu namba ya kubuni. Mashine inayowaka ikiwa na saa mbovu inaweza kurekebishwa na mtumiaji, lakini iliyogoma kuwaka haimpi hata nafasi ya kuanza.

Nusu_Mzunguko (#3)

Fundi, mpangilio wako unatazama usahihi wa kila chanzo pale kinapofanya kazi, ilhali swali la mwenye uzi linahusu pale kinapokuwa kimekufa. Mimi ningevipanga kwa wepesi wa kushindwa. Chanzo kinachokwambia ndani ya mikrosekunde chache kwamba hakipo kinastahili kutangulia kile kinachokusubirisha bila kikomo, hata kama huyo wa pili ni sahihi zaidi akiwa mzima.

Waliofuatilia GRUB, butiloda inayotumiwa sana na Linux, watakumbuka marekebisho ambayo lengo lake lilikuwa jaribio la kipima muda cha ACPI lisichukue sekunde 51 kushindwa. Kwenye mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu) ambayo kipima muda hicho hakikufanya kazi, rejista ilirudisha 0xffffffff kila ilipoulizwa, na msimbo ukaendelea kuuliza mpaka idadi ya majaribio ilipokwisha. Dawa ilikuwa kulifupisha dirisha la kupima kutoka milisekunde hadi mikrosekunde, na kulikataa papo hapo jibu la sifuri tupu au la moja tupu, yaani biti zote sifuri au zote moja. Sekunde 51 za skrini iliyoganda zinatosha kumfanya mtu mwenye akili timamu achomoe waya wa umeme.

Bi_Kaunta (#4)

Asante kwa uzi. Naona sote tunasema "saa mbovu" kama kwamba ubovu una upande mmoja, na hapo ndipo tunapokosea.

Butiloda hutumia muda kwa namna mbili zisizofanana. Ya kwanza ni subira, ambapo kifaa kinahitaji muda usiopungua kiasi fulani kabla ya kuguswa tena. PCIe, njia inayounganisha kadi na vifaa vya ndani, inataka milisekunde 100 zipite baada ya kuwasha upya kabla ya ombi la kwanza la usanidi, na USB inataka milisekunde 100 za utulivu baada ya kifaa kuchomekwa na nyingine 50 za kuwashwa upya kwenye poti ya mzizi. Ya pili ni kikomo, ambapo tunangoja jibu na kukata tamaa likichelewa. Ukikosea subira kwa kuifupisha, unavunja masharti ya kifaa na unapata hitilafu inayokuja na kuondoka bila mpangilio. Ukikosea kwa kuirefusha, hasara yako ni muda tu.

Tazameni sasa namba ya kubuni. GRUB ikikosa njia zote huchukulia kwamba TSC inapiga megahezi 800. Kwenye prosesa ambayo TSC yake inapiga megahezi 3,200, butiloda itaona sekunde nne zimepita wakati imepita moja. Menyu ya sekunde 5 itafunga ndani ya sekunde moja na robo, na zile milisekunde 100 za PCIe zitakuwa 25. Kwa hiyo nasema namba ya kubuni ni halali, ila iwe kubwa kuliko prosesa yoyote unayotarajia kukutana nayo, ili kosa liangukie upande wa kusubiri zaidi. Na kwa heshima, Fundi, akiba ya namna hii inaoza. Megahezi 800 ziliwahi kuwa namba ya busara. Prosesa zilipoongeza mwendo, namba ilibaki pale pale.

Kiini_Kimoja (#5)

Mimi bado najifunza, mnivumilie. Kwa nini tusivisome vyote vitatu, PIT, ACPI na HPET, kisha tukachukua kile ambacho viwili vinakubaliana? Vipima muda vitatu tofauti haviwezi kukosea sawasawa.

Fundi_Rejista (#6)

Bi Kaunta, nimekusikia kuhusu kuoza, nitarudi kwako.

Kiini_Kimoja, wazo la kura ni zuri lakini msingi wake una ufa, kwa sababu vitatu hivyo kwa asili ni ndugu wa baba mmoja. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na fuwele ya megahezi 14.31818. Ukiigawa kwa 3 unapata megahezi 4.77 za prosesa ya wakati ule, na ukiigawa kwa 12 unapata zile 1.193182 za PIT. Kipima muda cha ACPI kilikuja baadaye kikachukua robo yake, ndiyo 3.579545. Na HPET za miaka mingi zinapiga kwa hizohizo 14.31818, pigo moja likiwa na femtosekunde 69,841,279. Kura ya ndugu hao itakuonyesha kaunta iliyokufa au geti lililozimwa, ila fuwele yenyewe ikienda kombo wote watakubaliana katika kosa moja.

Msoma_Waraka (#7)

Marekebisho madogo kwa #6: maelezo hayo ni sahihi kwa chipseti za zamani. Kuanzia prosesa za Skylake, HPET nyingi za Intel hupiga kwa megahezi 24, si 14.31818, na ndiyo sababu haifai kuyaandika masafa ya HPET ndani ya msimbo hata kidogo. Yasomwe kwenye rejista kila mara. Na HPET nayo famuwea inaweza kuificha, kwa hiyo jedwali lake la ACPI likikosekana usiiguse anwani 0xFED00000 kwa mazoea.

Kwa prosesa za Intel za karibuni, hata kupima si lazima. Amri ya CPUID, inayoiuliza prosesa ijieleze, ikipewa namba 0x15 inatoa uwiano kati ya TSC na fuwele: EAX ni kigawanyo, EBX ni kizidisho, na ECX ni masafa ya fuwele kwa hezi. Hapa hakuna kitanzi wala kusubiri, kwa hiyo kwa kigezo cha Nusu_Mzunguko ndicho chanzo kinachoshindwa kwa wepesi kuliko vyote. Tahadhari ni kwamba EBX ikiwa sifuri uwiano haukutajwa, na mara nyingine ECX ndiyo inayokuwa sifuri ingawa uwiano upo. Hapo utalazimika kuangalia aina ya prosesa na kuwa na jedwali lako la fuwele, megahezi 24 kwa hii na 19.2 kwa ile, na kwa kufanya hivyo tumerudi kwenye namba za kuandika kwa mkono, isipokuwa hizi zina ushahidi nyuma yake.

Mashine_Pepe (#8)

Niongeze upande ambao haujaguswa. Mimi nahudumia mashine pepe, na huko kipima muda kinaweza kisiwepo kabisa. Mashine pepe za Hyper-V za kizazi cha 2, kwa mfano, hazina PIT. Poti isiyo na mtu nyuma yake kwa kawaida husomeka 0xFF, na katika 0xFF biti ya 5 imeinuka tayari. Msimbo kama ule wa #1 hautaganda hapo. Utadhani hesabu imekamilika mara tu ilipoanza, utakuta mapigo machache ya TSC kati ya mwanzo na mwisho, kisha utahitimisha kwamba prosesa inakwenda pole kupita kiasi. Hitilafu hii ni mbaya kuliko ya Mtunza_Mapigo, kwa sababu inazaa namba, na namba ikishazaliwa hakuna anayeihoji. Dawa ya bei nafuu ni kuisoma biti ya 5 mara baada ya kupakia hesabu: ikiwa imeinuka kabla ya wakati, ujue hapana kipima muda hapo.

Jambo la pili ni vitanzi vinavyohesabu mizunguko badala ya muda. Kusoma poti kwenye mashine halisi huchukua takriban mikrosekunde moja. Kwenye mashine pepe, kila usomaji unaweza kumlazimisha msimamizi wa mashine kuingilia kati, na gharama ikawa mara nyingi zaidi. Kikomo cha mizunguko 10,000 ulichokiona cha haki mezani kwako huku kwetu ni urefu mwingine kabisa.

Kabla ya kupima chochote, tazameni biti ya 31 ya ECX katika CPUID 1. Ikiwa imewaka, mko ndani ya mashine pepe, na baadhi ya wasimamizi hutaja masafa ya TSC kwa kilohezi katika CPUID 0x40000010. Hakikisheni kwanza kwamba 0x40000000 inasema orodha inafika hadi huko.

Mkono_wa_ARM (#9)

Poleni sana ndugu zetu wa x86, mna saa tano na hamjui ni saa ngapi. Huku kwenye prosesa za ARM tuna kaunta moja ya jumla, CNTPCT_EL0, na rejista moja ya kutaja masafa, CNTFRQ_EL0.

Hata hivyo sidai kwamba tumepumzika. Maunzi hayaijazi CNTFRQ_EL0. Ni famuwea ya ngazi ya juu kabisa inayoiandika, na kabla haijaandikwa thamani yake haitabiriki. Niliwahi kupewa bodi ambayo famuwea yake iliisahau kwenye viini vyote isipokuwa kile cha kwanza. Butiloda ilifanya kazi vizuri kwa kuwa inatumia kiini cha kwanza tu, na tatizo likajitokeza baadaye kabisa, keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, ilipoviamsha viini vingine. Na namba hazifanani kati ya bodi hadi bodi: Raspberry Pi 3 hutumia megahezi 19.2 na Raspberry Pi 4 hutumia 54, kwa hiyo ukihamisha picha yenye namba iliyoandikwa kwa mkono kutoka ya kwanza kwenda ya pili, subira zako zote zitafupishwa karibu mara tatu.

Hapa nampinga Bi Kaunta. Kwetu, namba inayoandikwa na butiloda au famuwea haifi butiloda inapomaliza kazi. Keneli inaisoma CNTFRQ_EL0 na kuiamini kwa maisha yake yote. Ukibuni namba kubwa ili "kosa liangukie upande wa kusubiri", umeukabidhi mfumo mzima saa inayochelewa mpaka utakapozimwa. Kwa hiyo mimi nasema tusimame. U-Boot, butiloda ya bodi ndogo, hufanya hivyo: mfumo wake mpya wa draiva hukitafuta kwanza kipima muda kilichotajwa kama tick-timer kwenye mti wa vifaa (faili linaloorodhesha maunzi ya bodi), kisha huchukua cha kwanza kinachopatikana, na vyote vikikosekana husimama na kutangaza kwamba kipima muda hakikuweza kuanzishwa.

Msoma_Waraka (#10)

Mkono_wa_ARM, umesema kweli lakini nusu. U-Boot hiyohiyo, upande wa x86, ina masafa ya kuandikwa wakati wa kujenga programu, X86_TSC_TIMER_FREQ, yanayotumika pale ambapo maunzi hayakuweza kupimwa na mti wa vifaa bado haujapatikana. Kwa hiyo mradi mmoja umesimama kwenye kambi zote mbili za uzi huu. Tofauti ni kwamba mtu aliyeijenga bodi ndiye anayeiandika namba hiyo, akiijua bodi yake.

Na kaunta yenu moja nayo ina historia. Kwenye Allwinner A64, kaunta inaweza kuruka mbele au nyuma wakati biti zake za chini zinapogeuka, na ndiyo maana msimbo wa U-Boot wa chipu hiyo huusoma muda upya kila zinapoonekana biti za chini zikiwa zote sifuri au zote moja. Kwa chipu za Freescale zenye dosari ya A-008585, kaunta husomwa mara mbili mfululizo mpaka masomo yalingane. Chanzo kinaweza kuwepo, kikahesabu, kikataja masafa sahihi, na bado kikakudanganya kwa kitambo kidogo.

Bi_Kaunta (#11)

Napokea hoja ya namba inayoishi kupita butiloda. Pale ambapo mwingine atairithi, sitaibuni. Lakini tazameni prosesa za RISC-V. Huko hakuna rejista yoyote inayotaja masafa ya kaunta ya muda. Namba inatoka kwenye mti wa vifaa, sehemu ya timebase-frequency, yaani mtu aliiandika. Je, mtasimama kwa sababu haikupimwa? Mstari kati ya "kubuni" na "kuambiwa" si mnene kama tunavyoutaka uwe.

Taima_Mlinzi (#12)

Nina swali kwa mwenye uzi kabla sijachangia. UEFI inapoanzisha programu iliyo kwenye orodha ya kuwashia, huiwekea taima mlinzi ya dakika 5, inayoiwasha mashine upya programu ikikwama. Programu yako ilipoganda ikisubiri biti ya 5, je, mashine ilijiwasha upya baada ya dakika hizo?

Mtunza_Mapigo (#13)

Haikujiwasha. Niliiacha usiku kucha siku ya kwanza, asubuhi nikaikuta vilevile.

Taima_Mlinzi (#14)

Basi naomba uangalie kama ulikuwa umefunga interapti, zile ishara zinazoikatiza prosesa, wakati wa kupima. Katika utekelezaji wa kawaida wa EDK2, ule msimbo huria wa UEFI, taima mlinzi hiyo ni ya programu, inaendeshwa na tukio la muda ambalo lenyewe linategemea interapti za kipima muda cha famuwea. Ukizifunga interapti kisha ukaganda, umemfunga na mlinzi mikono.

Mtunza_Mapigo (#15)

Ndivyo nilivyofanya. Nilizifunga ili interapti isiingie katikati ya kipimo na kukiharibu, wala sikufikiria kwamba kwa amri hiyohiyo nilikuwa naiondoa njia pekee ya kutoka. Nashukuru sana, hili peke yake lilitosha kufungua uzi.

Taima_Mlinzi (#16)

Sasa mchango wangu. Kanuni ya Bi Kaunta ya kuchagua namba kubwa inafaa pale tu ambapo hakuna saa ya pili inayokuhesabia. Taima mlinzi ya maunzi ina saa yake. Tuseme imewekwa sekunde 10 na butiloda inailisha, yaani inairudisha ianze kuhesabu upya, kila sekunde moja kwa saa yake yenyewe. Saa ya butiloda ikienda pole mara tatu, mlinzi atalishwa kila sekunde tatu na hakuna tatizo. Ikienda pole mara kumi na mbili, mlinzi ataiwasha mashine upya katikati ya kazi nzima kabisa, kisha tena, kisha tena.

Kwenye U-Boot kuna jambo ambalo wengi hawalioni: kabla ya kumlisha mlinzi, msimbo huangalia kwanza kama muda wa sasa umefika ule wa mlo unaofuata. Kaunta ikiganda, muda hausogei, mlinzi halishwi, na bodi inajiwasha upya. Mimi naiona hiyo kuwa tabia njema, kwa sababu kuganda kimya kumegeuka kuwa tukio linaloonekana. Ukiongeza hesabu ya majaribio ya kuwaka, ile bootcount yenye bootlimit, baada ya mara kadhaa bodi itaifuata altbootcmd, yaani amri mbadala ya kuwaka, na kujaribu njia nyingine badala ya kuzunguka bila mwisho.

Kiini_Kimoja (#17)

Ndugu wa baba mmoja wamenikaa kichwani tangu jana. Je, saa ya kalenda, ile RTC yenye betri, haina fuwele yake mwenyewe? Tungeitumia kama shahidi wa nje.

Nusu_Mzunguko (#18)

Sasa umeuliza swali zuri, mdogo wangu, na jibu ni ndiyo: kwa kawaida RTC ina fuwele yake ya hezi 32,768. Unaweza kuitazama biti ya UIP, ambayo ni ya 7 katika rejista A. Inainuka mara moja kila sekunde, ikitangulia mabadiliko kwa mikrosekunde 244. Gharama yake ni muda. Ili upate sekunde moja kamili ni lazima ungoje mpaka sekunde ya sasa iishe, kisha nyingine nzima ipite, kwa hiyo unaweza kulipa karibu sekunde mbili. Hakuna anayekubali gharama hiyo katika kila kuwaka, lakini pale ambapo njia iliyobaki ni namba ya kubuni, mimi ningezilipa bila kusita. Usisahau kikomo cha mizunguko, kwa sababu RTC ambayo oseleta yake imesimama haitaiinua UIP kamwe, nawe utakuwa umerudi kwenye ujumbe wa #1.

Mtunza_Mapigo (#19)

Nimerudi na vipimo, baada ya kuupanga upya msimbo kwa mawazo yenu. Kwanza nauliza CPUID, kisha kipima muda cha ACPI, kisha PIT ikiwa na ule ukaguzi wa #8, kisha Stall, kisha RTC. Kila kitanzi kina kikomo cha mizunguko, na interapti nazifunga kwa vipande vifupi tu.

Kwenye bodi ile ile, CPUID 0x15 ilinipa EAX 2, EBX 176 na ECX sifuri. Nikichukua fuwele ya megahezi 24 napata 2,112 kamili. Kipima muda cha ACPI, kwa dirisha la mapigo 363, kilinipa 2,107 mara moja, 2,112 mara nyingine, na mara moja 2,140. Ile 2,140 inanisumbua, kwa sababu mashine ilikuwa haina kazi nyingine.

Msoma_Waraka (#20)

Mapigo 363 ni mikrosekunde 101.4, dirisha lilelile linalotumiwa na maktaba ya EDK2 inayopima TSC kwa kipima muda cha ACPI. Kwa dirisha hilo, kukosea pigo moja tu ni sawa na asilimia 0.28, yaani karibu megahezi 6 kwako, kwa hiyo 2,107 na 2,112 ni jibu lilelile. Ile 2,140 inanuka SMI, yaani interapti ya famuwea yenyewe. Huenda famuwea iliinyakua prosesa katikati ya kipimo, kati ya kuisoma TSC na kukisoma kipima muda, na kufunga interapti hakuzuii SMI. Pima mara tano na utupe kipimo kilichojitenga, au urefushe dirisha hadi milisekunde 10, ambapo pigo moja ni asilimia 0.003.

Na niseme neno kuhusu Stall, kwa sababu umeiacha kwenye orodha bila maswali. Famuwea inayoitekeleza Stall lazima iwe na saa yake, na mara nyingi saa hiyo ni kipima muda kilekile cha ACPI, au TSC yenyewe iliyopimwa kwacho. Ukiikimbilia Stall kwa sababu kipima muda cha ACPI kimekufa, huenda unamuuliza maiti kupitia kwa mjumbe.

Nusu_Mzunguko (#21)

Dirisha la milisekunde 10 linairudisha hatari ya sekunde 51. Ningetenganisha kazi mbili: dirisha fupi la kuhakiki kama kaunta iko hai, yaani imesogea, haiko sifuri wala moja tupu, na haikurudi nyuma isipokuwa imezunguka, kisha dirisha refu la kupima, lifunguliwe kwa yule tu aliyefaulu la kwanza. Kuzunguka nako kukumbukwe, kwa sababu kaunta ya ACPI ya biti 24 hurudi sifuri kila baada ya sekunde 4.69, na ile ya biti 32 kila baada ya dakika 20 hivi.

Mkono_wa_ARM (#22)

Mtanisamehe, lakini kwa nini butiloda ihangaikie asilimia 0.28? Menyu ya sekunde 5 ikikosea kwa milisekunde 14 hakuna atakayejua, na subira ya kifaa unaiongezea asilimia 10 ukamaliza. Usahihi ni wa lazima pale tu ambapo namba inarithiwa, na kwenye x86 keneli ya Linux hujitafutia masafa ya TSC upya.

Fundi_Rejista (#23)

Niliahidi kurudi kwa Bi Kaunta. Nimeufungua msimbo wangu wa zamani na kuikuta namba yangu ya akiba: megahezi 1,000, bila maelezo, na sikumbuki niliitoa wapi. Nakubali inaoza. Nimeigeuza kuwa 6,000 kwa ajili ya subira. Kwa menyu, sasa saa ikiwa ya kubuni butiloda haihesabu kabisa. Inangoja mtu abonyeze kitufe.

Taima_Mlinzi (#24)

Na kama mashine iko mahali pasipo na mtu wala kibodi?

Fundi_Rejista (#25)

Hapo sina jibu linaloniridhisha. Ikihesabu, inaweza kuhesabu vibaya. Isipohesabu, haitawaka mpaka mtu aifikie.

Mtunza_Mapigo (#26)

Bodi yangu iko mahali kama hapo hasa, Taima_Mlinzi. Kwa sasa nimeamua hivi: chanzo kikiwa cha kubuni, menyu inarukwa na chaguo la kwanza linapakiwa moja kwa moja, na neno "saa haikupimwa" linapelekwa kwenye mstari wa amri wa keneli ili lionekane kwenye kumbukumbu za kuwaka. Bi Kaunta atasema nimeuacha upande wa subira, na ni kweli, kwa sababu subira za PCIe bado zinategemea ile 6,000 ya Fundi. Nitaunganisha pini moja ya GPIO kwenye osiloskopu, niinue na kuishusha kila milisekunde 100 kwa kila chanzo kwa zamu, nilete picha hapa. Aliyewahi kuipima Stall kwa njia hiyo kwenye mashine ambayo kipima muda cha ACPI kimezimwa, naomba alete matokeo yake.